Naomba ushauri: binti yangu yuko Gredi ya 9, achague mkondo gani?

Hamjambo ndugu zangu. Niko Kondele, Kisumu. Mimi ni wa 8-4-4, ule mfumo wa elimu wa Kenya ulioanza 1985. Tulifunzwa useremala na ushonaji, lakini mwisho wa yote ni alama za KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, zilizoamua uende wapi. Mtihani huo ulifanywa mara ya mwisho 2023, na sasa mtoto mwenyewe ndiye anayechagua mkondo wa masomo ya kuanzia Gredi ya 10: sayansi na teknolojia, sayansi ya jamii, au sanaa na michezo.

Binti yangu anachora vizuri mno, hata ukuta wa jikoni umejaa. Baba yake anataka sayansi tu. Nyumbani hatusemezani vizuri.

Waliopitia haya, mlimsikiliza mtoto au mzazi? Na akishaingia Gredi ya 10, mliweza kumbadilishia mkondo?