Je, plastiki iliyorejelezwa inafaa kufungashia chakula?

Muulizaji: Wanajukwaa, salaam. Ninasindika juisi na mafuta ya kula. Muuzaji wa vifungashio ananishawishi nitumie chupa za plastiki iliyorejelezwa, akidai kwamba plastiki ikishayeyushwa uchafu wote huteketea. Je, dai hilo ni la kweli?

Mjibu wa kwanza: Ndugu, dai hilo lisikupumbaze. Joto la kuyeyushia huua vijidudu, lakini kemikali iliyokwisha kupenya ndani ya plastiki, kwa mfano pale mtu alipohifadhi petroli au dawa ya wadudu katika chupa ya maji kabla ya kuitupa, haiondoki kwa kuyeyusha tu. Chupa za PET, yaani plastiki ya chupa nyingi za maji na soda, zenye alama ya namba 1, ndizo zenye njia iliyothibitishwa vizuri: vipande huoshwa kwa maji moto yenye kostiki soda (sodiamu hidroksidi), kisha hupashwa joto kwa saa kadhaa, mara nyingi katika ombwe (chombo kilichoondolewa hewa) na kwa nyuzi zinazokaribia 200 za Selsiasi, ili kemikali zitoke kwa mvuke. Mtambo hupimwa kwa kuichafua plastiki makusudi kwa kemikali kama tolueni na klorofomu, na kuangalia kinachobaki baada ya usafishaji.

Mjibu wa pili: Niongeze kuhusu mafuta, kwa sababu hapo ndipo ningekuwa mwangalifu zaidi. Plastiki zenye alama ya namba 2 (HDPE) na 5 (PP) hufyonza kemikali kwa wepesi kuliko PET na huziachia haraka vilevile, nayo mafuta huzivuta nyingi kuliko juisi. Chanzo nacho kina uzito wake: katika tathmini za Ulaya, PET iliyotumika kwa vitu visivyo vya chakula kwa kawaida haipaswi kuzidi asilimia 5 ya malighafi. Plastiki nyeusi ya vifaa vya umeme, ambayo huweza kuwa na kemikali zenye bromini za kuzuia moto, isikaribie chakula kabisa.

Muulizaji: Ahsanteni. Nimdai hati gani?

Mjibu wa kwanza: Dai idhini ya mchakato wenyewe wa urejelezaji, kwa kuwa cheti cha usajili wa kampuni hakithibitishi usalama wa chupa. Marekani, FDA, yaani mamlaka ya chakula na dawa, hutoa barua ya kutopinga mchakato huo; Umoja wa Ulaya hufuata Kanuni 2022/1616 ya plastiki iliyorejelezwa inayogusa chakula. Soma masharti ya matumizi: chupa iliyoidhinishwa kwa kinywaji baridi huenda haikuidhinishwa kujazwa juisi ya moto.

Mjibu wa pili: Na pamoja na idhini hiyo, mdai hati inayotaja namba ya shehena unayouziwa. Akishindwa kuionyesha, tafuta muuzaji mwingine.