Tupeane uzoefu: wanawake mliosimama saiti, ukuta ukasimama na ndani kukatulia

MamaIgogo
Habari za mchana wapendwa. Anayeijua Igogo ya Mwanza anajua tunavyojenga huku, unakata mlima nyuma upate kiwanja, mbele unajaza kifusi. Sasa 2019 tukajenga ukuta wa kuzuia udongo nyuma ya nyumba, tofali za inchi 6, kimo kama futi 7 hivi, hakuna nondo hakuna tundu hata moja. Nilimuuliza fundi maji ya mlimani yatatokea wapi, akamgeukia mume wangu (mimi hata hakunitazama) akasema bosi tutapiga niru (ule uji wa saruji wa kupaka juu) itakaa. Mzee naye akaniambia mama Neema muache fundi afanye kazi yake.

Masika iliyofuata, saa tisa usiku, tukasikia kama lori linamwaga mawe. Ukuta wote umelalia jiko la nje. Watoto walikuwa wamelala hatua nne tu kutoka pale. Na ile hela laki nane ilikuwa yangu, mgao wa kikoba.

Jamani baada ya hapo ndani kulikuwa hakukaliki. Mwezi mzima tunaongea kupitia watoto, "mwambie baba yako chakula tayari." Mimi nilidhani amekasirika kumbe ni aibu, anashindwa pa kuanzia. Siku moja akanikuta nafua akavuta kigoda akakaa akasema ulisema mama Neema, sikukusikiliza. Nililia pale pale mikono ina povu.

Tulipoanza upya tukakubaliana hela haitoki mpaka wote tumekaa na daftari, na saiti nashinda mimi maana yeye anatoka alfajiri. Tukamlipa injinia akaja kuangalia na kuchora, nawaomba sana ukuta unaobeba udongo msichorewe kwa kidole chini. Msingi wa mawe, nguzo za zege zenye nondo nne za milimita 12, ringi za kuzifunga kila sentimita 20, lenta (mkanda wa zege) katikati na juu. Zege ndoo moja ya saruji, mbili mchanga, nne kokoto, na maji ya kiasi, maana vibarua wanapenda uji ili koleo liwe jepesi na uji huo ndio unaoua zege. Halafu mabomba ya inchi 2 yanapenya ukutani kila mita moja na nusu, nyuma yake kokoto ndio udongo ufuate. Udongo ukishiba maji unakuwa mzito mno na maji yenyewe yanasukuma, ndicho kilichotuangushia ule wa kwanza.

Fundi mpya alitaka kulaza nondo chini kabisa kwenye mbao za lenta. Nikamwambia baba, biskuti ziko wapi, vile vipande vya zege vya kuinulia nondo zisiguse mbao? Akacheka, akaenda kufyatua. Kuanzia siku hiyo ananiita injinia.

Nanyi leteni zenu.

Dada wa Nyakato
Mimi mume yuko migodini Geita anarudi mwisho wa mwezi, nyumba nimeisimamia kuanzia msingi mpaka lenta. Tofali ndio kulikuwa na vita. Fundi anataka mfuko wa kilo 50 utoe tofali 60, nikasema 30 basi, akanuna. Nikachukua moja ya kwake iliyokauka wiki nzima nikaikwangua na msumari, inamwagika kama unga wa muhogo. Nikaiachia kutoka usawa wa kiuno, vipande vitatu. Hakubisha tena.

Ila kilichoniumiza ni mawifi, kwamba nakula hela ya kaka yao. Nikawa kila mzigo ukishuka napiga picha namtumia, mchanga tripu ngapi, nondo ngapi, risiti. Yeye mwenyewe akawaita nyumbani akawaonyesha simu. Sikumuomba. Ile siku ilinipa nguvu kuliko zawadi yoyote aliyowahi kuniletea.

Baba_Buswelu
Naomba niingie japo mimi ni mwanaume. Mke wangu alikuwa anaponda kokoto mlimani kabla sijamuoa, kwa hiyo kokoto na mchanga anavijua kuliko mimi. Lori likija anachota mchanga anatia kwenye chupa ya maji ya kunywa, anajaza maji, anatikisa, anaiacha mpaka maji yatulie. Mchanga unakaa chini, tope linakaa juu yake. Tope likiwa nene lori linarudi na mzigo wake. Mwanzoni nilikuwa naona ananidhalilisha mbele ya dereva, leo simu ya kwanza nampigia yeye.

Bi Mkolani
Hongereni ila mabinti zangu, jina la kwenye hati ni la nani? Wekeni majina yote mawili, na mliongee wakati mnapendana. Sheria ya Ndoa ya 1971 inamkataza mmoja kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Na kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, 1983, Mahakama ya Rufani ilisema kazi za nyumbani nazo ni mchango. Kwa hiyo hata asiyetoa laki nane ana sehemu yake. Lile daftari la mama Neema lisitupwe.

Mgeni_Kirumba
Mama Neema, ukuta wangu una ufa tayari, nifanyeje?

MamaIgogo
Kama ni vinywele tu kwenye lipu usiogope. Kama unakata tofali kwa mshazari, weka alama ya kalamu mwisho wa ufa uandike na tarehe, ukiona unaendelea ita mtaalamu, usizibe kwa saruji ukadhani umepona. Na zege jipya limwagilieni siku saba angalau, mimi nilifunika magunia, asubuhi na jioni nazungusha ndoo.

Bi Mkolani asante, daftari liko kabatini na vyeti vya watoto. Jana usiku mvua imepiga hapa, mzee kaamka mwenyewe na tochi kaenda nyuma kwenye ukuta. Karudi kalowa ananiambia mabomba yote nane yanatoa maji.