Mada: Nakuja Mwanza Desemba, natafuta kikao cha walioacha pombe

Wapendwa, mwangaluka.

Miaka yote nasoma humu bila kuandika, leo shida imenisukuma. Nipo Reading, Uingereza. Nina miezi 14 sijagusa pombe, na sikufika hapo peke yangu. Kila Jumanne na Jumamosi nakaa kikao cha AA (Alcoholics Anonymous, umoja wa walevi wanaosaidiana kuacha): viti vya plastiki, chai, watu kumi na kitu, unataja jina lako la kwanza basi. Desemba nakuja wiki 5, mdogo wangu anaoa. Nyumbani ni Mabatini, na mjomba keshanipigia kunijulisha kwamba kreti zangu mbili zimo kwenye bajeti ya kamati.

Mwenye kujua pa kwenda anielekeze. Anayenifahamu asinitaje.

Kaka wa Reading

---

Re:

Kaka, haya ni ya kumwomba Mungu na kujikaza. Ukianza kutangaza kwamba wewe mlevi utamwaibisha mama. Mimi niliacha 2017 nikiwa bado Igoma, viroba vilipopigwa marufuku, siku ileile.

Baba wawili, Houston

---

Re: Re:

> viroba vilipopigwa marufuku, siku ileile

Hongera, Baba wawili. Wengine tulipokosa viroba tulihamia kwenye gongo.

Kaka wa Reading, mimi nilirudi Mwanza baada ya miaka 19 Minnesota, nina miaka 6 soba. Usitafute kibao barabarani, hata huko uliko sidhani kama ulikiona. Kabla hujapanda ndege ingia aa.org, sehemu ya kutafuta vikao. Vya mtandaoni vipo usiku na mchana. Tena waombe wenzako wa Reading wakuunganishe kwa simu: saa moja jioni yenu, majira ya baridi, huku ni saa nne usiku. Nunua bando la kutosha na uchaji simu mapema, umeme hauna adabu. Ukifika, uliza kliniki ya afya ya akili pale hospitali ya Bugando, au afisa ustawi wa jamii. Hao ndio wanaojua nani kaacha na nani anakaa na nani.

Na usione aibu kuuliza. Mei 1935 Bill W., mfanyabiashara wa New York aliyekuwa ameacha pombe, alikuwa mgeni Akron, Ohio. Dili limevunjika, kasimama ukumbini hotelini, upande huu baa inachangamka, upande ule simu. Akaanza kupigia makanisa akiomba aunganishwe na mlevi yeyote wa mji ule. Wakamfikisha kwa daktari wa upasuaji, Dk. Bob, ambaye alikuwa amempa dakika 15 tu, wakaongea saa sita na ushee. AA yenyewe inahesabu kuzaliwa kwake tarehe 10 Juni mwaka huo, siku Bob alipokunywa ya mwisho. Kwa hiyo wewe na mimi tunatosha kuwa kikao.

Arusini watakushauri useme uko kwenye dozi. Dozi ya flajili ni siku 7, wewe unakaa wiki 5.

Mzee wa Pasiansi

---

Re: Re: Re:

Shikamoo mzee. Samahani naingilia. Kaka yangu yuko Igoma, asubuhi hawezi kushika kikombe mpaka azimue. Familia imeamua kumfungia chumbani wiki nzima imtoke. Akishatoka naye aje kwenye kikao?

Dada wa Leicester

---

Re: Re: Re: Re:

Dada, wapigie sasa hivi wasimfungie! Nimefanya kazi wodini miaka mingi. Mtu anayezimua ili mikono itulie, mwili wake umeshaizoea pombe. Ukimkatia ghafla, ndani ya siku 2 za kwanza anaweza kuanguka na degedege. Kati ya siku ya 2 na ya 4 wengine huweweseka, wanaona wadudu ukutani, hawamtambui hata mama, na hapo ndipo ndugu husema karogwa. Anaweza kufa. Niliwahi kumpokea mmoja bado ana alama za kamba mikononi.

Hospitali wana dawa za kumtuliza ambazo hupunguzwa kidogo kidogo, na thiamini. Anzieni Sekou Toure, ikihitajika watawapandisha Bugando. Kikao baadaye, akiweza kushika kikombe kwa mkono mmoja.

Mama wa Nyakato

---

Re: Re: Re: Re: Re:

Mzee wangu shikamoo tena, na wote wabeja sana.

Arusi imepita. Kabla sijakaa mhudumu keshaniwekea chupa mbili, moja ya baridi moja ya moto, maana hakujua napenda ipi. Nikamwambia aondoe, alete maji makubwa. Mjomba akauliza, "Unaumwa?" Nikasema, "Niliumwa, mjomba." Akanitazama kidogo, kisha akaivuta kreti upande wake. Saa nne nikatoka nyuma ya turubai nikaingia kikao cha Reading kwa simu. Spika zinadunda, hawakunisikia hata neno, ila walikaa nami mpaka mwisho.

Na Mzee wa Pasiansi tumekaa Jumapili mbili kwenye mawe karibu na kivuko cha Kamanga. Dada wa Leicester, kaka yako katoka wodini na jana alikuja. Kaniruhusu niseme. Hakuongea, alikula karanga zetu zote. Jumapili ijayo tena, saa kumi jioni. Nauli mtumie mama, usimtumie yeye. Kasema mwenyewe.

Kaka wa Reading