Naomba ushauri: sakafu ya boksi la kobe inafura

Wakuu, boksi ni la ndani, hapa Uingereza, la kobe wawili wanaokua, wa aina iitwayo Hermann (kobe wadogo wa nchi kavu wa Ulaya). Plaiwudi ya milimita 18, urefu sm 240, upana sm 120. Kuta hazionyeshi nje. Kobe akiwekewa kioo hushinda akikisukuma kwa pua. Chini ya taa ya joto nyuzi 35, upande wa pili 22.

Shida ni unyevu. Udongo wa sm 15 lazima ulowe kidogo kwa chini, la sivyo gamba huota vilima. Sasa kwenye kona plaiwudi imefura, tabaka zinaachana.

Nitandike naironi nene ya bwawa, ikunjwe bila kukatwa, au nipake epoksi (rangi ya gundi inayokauka ngumu na kuzuia maji)? Naironi naihofia kucha zao wakichimba. Epoksi, harufu isipoisha vizuri. Nikiipaka, boksi likae siku ngapi bila kobe?