Naomba ushauri: jina ambalo Windows inaliwekea faili linaponakiliwa

Wakuu, habari za jioni. Nina steshenari, na kazi yangu kubwa ni kuchapa mikataba ya pango. Akija mteja mpya nanakili mkataba wa zamani kwa Ctrl+C na Ctrl+V kwenye folda ileile, kisha nabadilisha majina ndani. Windows 10 inaniletea "Mkataba - Copy", halafu "Mkataba - Copy (2)", inaendelea hivyohivyo. Juzi nilimprintia mama mmoja namba (3) badala ya (4), akaondoka na mkataba wenye jina la mpangaji mwingine. Ilibidi apande tena daladala jioni kuurudisha. Iliniuma sana.

Nimeshaingia regedit (programu ya kubadilisha mipangilio ya ndani ya Windows), sehemu ya HKEY_CURRENT_USER\Software\Microsoft\Windows\CurrentVersion\Explorer. Hapo nikatengeneza key (kama folda) iitwayo NamingTemplates, na ndani yake String Value iitwayo CopyNameTemplate yenye maandishi %s_nakala. (Hiyo %s ndiyo inayobeba jina la faili la mwanzo, usiifute.) Imekubali, sasa napata "Mkataba_nakala".

Kilichobaki ni tarehe. Nataka iingie yenyewe, mfano Mkataba_2025-03-14, lakini pale nikiandika tarehe inabaki ileile kila siku. Kuna mwenye skripti ya PowerShell (amri za Windows zilizoandikwa kwenye faili) ninayoweza kuiweka kwenye menyu ya kubofya kulia?

Halafu kijana ninayefanya naye kazi ana akaunti yake kwenye kompyuta hiyohiyo, na kwake bado inatokea "Copy". Nawezaje kumhamishia mpangilio huu bila kuanza upya? Nitashukuru sana.