Aliyeokoka akidhulumiwa, au akiona mwenzake akidhulumiwa, kazi yake ni kuomba tu?

Dada wa Kawangware (mwanzisha mada)
Bwana asifiwe wapendwa. Jumapili mchungaji wetu alifundisha kwamba vijana walioingia barabarani Juni 2024 kupinga Mswada wa Fedha walishindana na Warumi 13, inayosema kila mtu aitii mamlaka iliyo kuu, na kwamba silaha ya aliyeokoka ni goti. Mimi nimeokoka, nafunga, nashuhudia. Lakini siku hizo watu walipigwa risasi na wengine wakachukuliwa majumbani usiku. Nipige goti ninyamaze?

Tena nina jambo la karibu zaidi. Kwenye ushirika wetu kuna binti anayefanya kazi za nyumba kwa mmoja wa wazee wa kanisa. Alfajiri anaamshwa kwa ibada ya familia, anapewa kitabu cha nyimbo, anaimba nao, kisha anaingia jikoni kupika chai ya watoto wa shule. Hajalipwa tangu Pasaka. Akiuliza, anaambiwa "tuzidi kuliombea". Hilo nalo ni siasa?

Hata Wakatoliki, ambao sisi huwa tunawahesabu kama hawajaokoka, walirudisha pesa za wanasiasa. Sisi tunazipigia makofi.

NeemaTu
Dada, kuwa mwangalifu. Hii habari ya haki za kijamii ilianza hivyo hivyo kwa wenzetu wa ng'ambo. Walianza na maskini, wakaishia kuacha msalaba. Moyo wa mtu ukibadilika, nchi itabadilika yenyewe. Yesu hakuandamana kumpinga Kaisari.

Fundi Umeme
NeemaTu, mioyo imebadilika Kenya hii hadi tumepanga foleni. Kila wiki kuna krusedi, kila ofisi ya serikali ina ushirika wa saa saba mchana. Mbona tenda bado zinaliwa na watu wanaonena kwa lugha?

Katekista Mstaafu
Mimi ni Mkatoliki na nimesoma kimya mpaka hapo kwa "hawajaokoka". Nani aliwapa ninyi daftari la waliookoka? Nimebatizwa, nasali, nimezika maskini wengi ambao wachungaji wenu walikataa kuwazika kwa sababu hawakuwa wanalipa fungu la kumi. Mnakuja kutusifu kwa mkono mmoja na kututukana kwa mwingine.

NeemaTu
Mzee wangu, hakuna aliyetukana. Yohana 3 iko wazi, mtu asipozaliwa mara ya pili hauoni ufalme wa Mungu. Ubatizo wa utotoni si kuzaliwa mara ya pili.

Katekista Mstaafu
Endelea hapo hapo Yohana 3, aya ya 5, "kwa maji na kwa Roho". Maji hayo umeyaona au umeyaruka?

Fundi Umeme
Sasa tumeanza ubatizo. Binti wa watu hajalipwa.

Mhasibu
Tuweke sawa hilo la pesa. Ilikuwa Novemba 2024, baada ya Rais kwenda Soweto, Kayole. Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi alisema zirudishwe zile laki sita za kwaya na baraza la parokia, milioni mbili za nyumba ya padri, na laki mbili za gavana. Machi 2025 ikaja ile ya Roysambu, Rais akatoa milioni 20 kwa kanisa la kiroho. Huko vijana walikuja kupinga, wakapigwa vitoa machozi.

Katekista Mstaafu
Asante Mhasibu. Na waliorudisha ndio wasiookoka.

Mzee wa Uamsho
Wapendwa, salamu katika Bwana. Naona mnazungumza kana kwamba waliookoka walianza na vipaza sauti vya juzi. Uamsho wa Afrika Mashariki, ule wa watu kutubu hadharani, ulitokea Gahini, Rwanda, mwishoni mwa miaka ya 1920, ukapita Uganda, ukaingia kwetu. Miaka ya 1950 ndugu wa Uamsho huku Murang'a na Kiambu walikataa kiapo cha Mau Mau, na walikataa pia bunduki ya serikali ya Mwingereza. Wengine waliuawa kwa hilo. Hawakuandamana. Walisema damu ya Yesu imewatosha. Kwa hiyo kijana asiniambie kupiga goti ni uoga.

Fundi Umeme
Mzee, kwa heshima. Hakuna aliyewaita waoga. Lakini kumrudishia mkoloni bunduki yake mkononi, wakati kila mtu ameambiwa achague upande, ni siasa kubwa kuliko kubeba bango. Hawakunyamaza, walikataa hadharani.

Mwana wa Eldoret
Na Askofu Alexander Muge wa huku Eldoret je? Yeye alihubiri wokovu na bado aliwataja wanyang'anyi wa mashamba kwa majina. Waziri akamwambia akikanyaga Busia hatatoka hai. Akaenda. Akafa barabarani akirudi, 1992 hivi.

Mhasibu
Agosti 1990.

Mwana wa Eldoret
Sawa, 1990. Nilikuwa mtoto, nakumbuka mama alivyoizima redio akakaa. Mchungaji anayesema Mkristo asiingilie mambo ya nchi ananiumiza binafsi. Sisi huku tulimzika mtu kwa sababu hiyo.

NeemaTu
Muge alikuwa Mwanglikana. Naongelea waliookoka.

Mwana wa Eldoret
Unasikia unachosema? Basi Janani Luwum naye umtoe. Yule aliokoka mwaka 1948 katika Uamsho huo huo wa mzee hapa, akawa Askofu Mkuu wa Uganda, akapeleka barua ya maaskofu kwa Idi Amin kulalamikia mauaji, akauawa Februari 1977. Naye ni Mwanglikana. Mfute.

Mwanafunzi wa Theolojia
NeemaTu, hofu yako si ya bure, yako makanisa yaliyobaki na miradi bila injili. Ila mwaka 1974, Lausanne, Uswisi, viongozi wa kiinjili kutoka nchi kama 150, na aliyewaita alikuwa Billy Graham mwenyewe, waliandika kwamba wanatubu kwa kudhani uinjilisti na kuwajali wanaoonewa ni vitu vinavyopingana. Hao hawakuwa wameacha msalaba.

NeemaTu
Kutubu kwa Wazungu hakunifungi. Nauliza Biblia inasema nini.

Mzee wa Uamsho
Biblia inasema hivi, mwanangu. Walawi 19:13, ujira wa kibarua usilale kwako hata asubuhi. Yakobo 5, ujira uliozuiwa unapiga kelele na kilio kimefika kwa Bwana wa majeshi. Mimi kwa maandamano sitakubali, mniwie radhi. Lakini sisi tuliolelewa katika kutembea nuruni, yaani kuungama dhambi bila kuficha, mtu aliyeokoka alirudisha alichoiba. Aliyeiba shuka hospitali alilipeleka. Aliyekula pesa za bwana wake alikwenda akasema, "nilikula, hizi hapa." Zakayo alisema anarudisha mara nne, siku ile ile. Huyo mzee wa kanisa anashikaje kikombe cha Bwana na mshahara wa mtoto uko mfukoni mwake?

Fundi Umeme
Mzee, hapo umenigusa. Sasa nisaidie. Huyo amezuia mshahara wa binti mmoja, unamwambia arudishe. Anayekula pesa za dawa za kaunti nzima, kwa nini yeye nimpelekee goti peke yake?

Mzee wa Uamsho
Kwa sababu yule namfikia na huyu simfikii.

Fundi Umeme
Alikuja kanisani kwenu na mchango, mzee. Mlimfikia. Alipewa kiti cha mbele na kipaza sauti.

Katekista Mstaafu
NeemaTu, bado nangoja aya ya 5.

Mhasibu
Kwa dada: agizo la mwaka 2022 liliweka kima cha chini kwa mfanyakazi wa nyumbani Nairobi shilingi 15,201 na senti, na Novemba 2024 kikaongezwa asilimia 6. Aende ofisi ya leba na kitambulisho, tarehe aliyoanza kazi, na ujumbe wowote wa simu au wa M-Pesa unaoonyesha aliwahi kulipwa na huyo mtu. Kutokuwa na mkataba wa maandishi hakumfungi. Jukumu la kuuandika lilikuwa la mwajiri.

Mzee wa Uamsho
Kabla ya leba, Mathayo 18: ndugu akikosa, mwendee kwanza, asiposikia nenda na mashahidi. Dada, niandikie pembeni niko tayari kwenda na ndugu wawili. Asipolipa, binti aende leba, nami nitasimama shahidi.

Dada wa Kawangware
Mzee, nimekuandikia. Binti amekubali, ila anaomba muende Jumamosi, mama wa nyumba akiwepo, maana ndiye anayeshika pesa. Anaogopa kufukuzwa kabla hajapata za nyuma, kwa hiyo nimeshamtafutia pa kulala. Fundi, swali lako la kiti cha mbele nitalipeleka mimi kwa mchungaji.