Masta ya sheria bila LLB, Law School watanikubali?

BintiWete
Asalaam alaykum wapendwa. Mie digrii yangu ya mwanzo ni ya ualimu, nshasomesha skuli miaka minne huku Pemba, saivi nipo mwisho mwisho wa masta ya haki za binadamu kwenye kitivo cha sheria, chuo kilinipokea bila ya kuniuliza LLB, yaani digrii ya mwanzo ya sheria. Sasa nataka uwakili na kuna mtu kanambia kwani masta si kubwa kuliko digrii, utaingia tu Law School Dar, ile skuli ya kufundishia uwakili. Nimekwenda kuuliza ofisi moja, nkaambiwa njoo Jumatatu, Jumatatu yenyewe mwenye kujua kaenda mazikoni. Nifahamisheni kabla sijauza pete ya mama.

mzee_wa_karafuu
Waalaykum salaam. Mwanangu pete iweke kwanza. Law School of Tanzania, ile iliyoanzishwa kwa sheria ya 2007, wanataka LLB, basi. Masta haizibi pengo la chini hata uwe nazo mbili. LLB ndo kuna mikataba, jinai, ardhi, ushahidi, mwenendo wa madai, sasa hiyo masta yako ya haki za binadamu hivyo vitu umekutana navyo wapi?

Kanzu_na_Joho
Na wengi wanachanganya chengine. Mahkama si jambo la Muungano, ukitoa Mahkama ya Rufani. Zanzibar ina Mahkama Kuu yake, Jaji Mkuu wake, na mawakili wake wanasajiliwa huku huku, bara nao wana daftari lao. Kwa hiyo bibie jiulize mwanzo unataka kusimama mahkama za Chake Pemba au za Kisutu Dar, maana kuapishwa kule hakukupi ruhusa ya huku, unaomba upya.

NimepitaSimu2000
Dada mie LLB nilikuwa nayo na masta nusu, nkadhani watanisamehe japo somo moja, wapi! Unaanza sawa na wenzio, unaandika hati ya madai inarudi imejaa wino mwekundu, unasimama mahkama ya mfano koti limekubana jasho linakutiririka mgongoni mwalimu anakuuliza ombi hili umelileta chini ya kifungu gani, kimya. Yale matokeo ya Law School ya Oktoba 2022 mnayakumbuka? Watu 633, waliopita moja kwa moja 26, sapu (kurudia mitihani) 342, na 265 wakadisko, yaani wakaondoshwa masomoni, mpaka waziri wa sheria akaunda kamati chini ya Mwakyembe, aliewahi kuwa waziri wa sheria. Na wote wale walikuwa na LLB zao mkononi.

BintiWete
Ya Rabbi. Kwa hiyo nianze LLB upya na umri huu? Na hii masta niitupe?

mzee_wa_karafuu
Usiitupe, imalize, mashirika ya haki za binadamu yanaitaka na chuo utasomesha. Ila uwakili ni LLB, Chuo Kikuu cha Dar (UDSM) kwa mfano ni miaka minne, halafu ndo Law School. Na huyo aliekwambia utaingia tu muulize yeye kaingia na nini.

BintiWete
Hahaha yeye anauza simu Darajani. Ahsanteni sana, pete nairudisha kwa mama leo leo, sonara wa Chake alikuwa keshaipima.